Kiini, Upevu na Biotini: Istilahi Hupimwa katika Aya

Katika mijadala ya ukuzaji wa istilahi za Kiswahili, jambo moja limezoeleka kiasi cha kutoulizwa tena, nalo ni imani kwamba kazi ya mwanaistilahi huisha orodha inapokamilika. Dhana huwekwa upande mmoja, kisawe chake upande wa pili, kamati hukaa, hukubali au hukataa, kisha kitabu hupigwa chapa. Hapana anayeweza kuzibeza jitihada hizo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ingali msingi ambao mjadala wowote wa istilahi za sayansi hauna budi kuanzia hapo. Hata hivyo, istilahi haiishi katika orodha. Huishi katika sentensi, imebanana na istilahi nyingine, na humo ndimo hugombana nazo. Makala haya yanadai kwamba kasoro kubwa za istilahi zetu hazionekani mpaka aya nzima ya kisayansi iandikwe kwa Kiswahili, na kwamba nyingi ya kasoro hizo si za msamiati bali ni za sarufi.

Mfano utakaotumika hapa ni wa utafiti wa protini zenye biotini katika mayai ya wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo, katika kipindi ambacho mayai hayo hujiandaa kurutubishwa. Mada hii imechaguliwa kwa sababu si ya kila siku. Masuala kama usagaji wa chakula au mzunguko wa damu yamekuwa katika vitabu vya shule za msingi kwa miongo mingi, na istilahi zake zimekwisha kulainika kwa matumizi. Anayetaka kujua uimara wa mashua haipimi ikiwa imefungwa gatini.

Kwanza yafaa maelezo mafupi ya jambo lenyewe. Biotini ni mojawapo ya vitamini za kundi B. Mwaka 1936, huko Uholanzi, Fritz Kögl na Benno Tönnis waliitenga ikiwa katika hali ya fuwele kutokana na mayai ya bata. Katika mwili wa mnyama biotini haifanyi kazi peke yake. Huunganishwa kikemia na protini chache sana, ambazo ni vimeng'enya vinavyopachika kaboni katika molekuli nyingine. Vimeng'enya hivyo hushiriki katika kutengeneza asidi za mafuta na katika hatua ya kwanza ya kutengeneza sukari kutokana na vitu visivyo sukari. Vingi kati yake hukaa ndani ya mitokondria. Yai la kuku, kwa upande wake, lina protini nyingine iitwayo avidini, ambayo huishika biotini kwa nguvu kubwa mno bila ya kuungana nayo kikemia. Molekuli moja ya avidini ina nafasi 4 za kushikia biotini. Kwa ajili ya nguvu hiyo, wanabiolojia huitumia avidini iliyotiwa alama kama kionyeshi: hutafuta biotini po pote ilipo katika seli, ikashikamana nayo, na alama ile ikaonekana.

Mayai ya wanyama wa baharini nayo yana historia yake. Yai la kiti cha pweza likiwa bado katika ovari huwa limekwisha kukua kwa ukubwa wake wote, lakini limesimama katikati ya mgawanyiko wa kwanza wa kupunguza kromosomu. Mwaka 1969 Haruo Kanatani na wenzake nchini Japani walitambua kwamba kitu kinacholiondoa yai hilo katika hali ya kusimama ni 1-methiladenini, molekuli ndogo inayotolewa na seli zinazolizunguka yai. Yai likiguswa na molekuli hiyo, kiini chake kikubwa ambacho kilionekana wazi chini ya hadubini hufifia katika muda wa nusu saa hivi, utando wake ukiyeyuka na yaliyomo ndani yakichanganyika na saitoplazimu. Mgawanyiko huendelea, na yai huwa tayari. Swali la mtafiti wa protini zenye biotini ni hili: je, katika mabadiliko hayo makubwa, protini hizo hubaki zilivyokuwa, huhama, huongezeka au hupungua?

Aya mbili zilizotangulia zimeandikwa kwa Kiswahili na hazikuhitaji neno la kigeni lililo nje ya utohoaji wa kawaida. Wale wanaodai kwamba lugha hii haina maneno ya kuelezea mambo ya namna hiyo wanajibiwa na aya zenyewe. Lakini kwa mwanaisimu mjadala hauishii hapo, maana msomaji makini atakuwa ameona kwamba sentensi kadhaa zimetungwa kwa kukwepa. Imeandikwa kwamba biotini ilitengwa kutokana na mayai ya bata. Kwa hakika ilitengwa kutokana na sehemu maalumu ya mayai hayo, ile ya njano iliyo katikati, ambayo kila mpishi huiita kiini. Kwa nini isiandikwe hivyo? Kwa sababu mistari michache baadaye kiini ni kitu kingine kabisa.

Huu ndio mgongano mkubwa kuliko yote katika uwanja huu. Katika jiko, kiini cha yai ni ile sehemu ya njano, na kinyume chake ni ute. Katika darasa la biolojia, kiini ni sehemu ya seli inayobeba kromosomu. Matumizi yote mawili ni halali na yote ni ya Kiswahili safi. Katika orodha ya istilahi hayaudhi, kwa kuwa kila moja lina mstari wake. Katika kitabu cha lishe hayaudhi pia, kwa kuwa hakuna anayezungumzia kromosomu wakati wa kuandaa chakula. Lakini yai ni seli. Ni mahali pekee ambapo viini hivyo viwili hukutana, na mtafiti wa biotini hana njia ya kukwepa kimojawapo, kwani akiba ya chakula cha kiinitete na kromosomu zake vyote vinamhusu. Mwanafunzi akisoma kwamba biotini ni nyingi katika kiini cha yai, atakwenda kuitafuta penye kromosomu.

Mtu anaweza kupendekeza kwamba kiini cha biolojia kiitwe nukliasi, na jambo likaisha. Pendekezo hilo lina ubaya wake, kama itakavyoonekana hapo mbele. Lililo bora ni kuliangalia yai lenyewe. Katika yai la kuku sehemu ya njano ni donge moja linaloonekana kwa macho, na neno kiini limetokana na hali hiyo ya kuwa katikati. Katika yai la kiti cha pweza hakuna donge. Chakula kimetawanyika katika saitoplazimu kwa punje ndogondogo, na hakuna kilicho katikati ila kiini chenye kromosomu. Kuziita punje hizo kiini ni kumhamisha kuku na kumpeleka baharini. Zinaweza kuitwa akiba ya yai, na kila moja punje ya akiba, jina linalotaja kazi yake badala ya mahali pake. Neno kiini likabaki kwa kromosomu katika maandishi yote ya biolojia ya seli, na mpishi akaachiwa lake.

Neno la pili lenye mzozo ni lile la kuelezea mabadiliko yenyewe. Katika maandishi ya afya ya uzazi yai la mwanamke husemwa kuwa hupevuka, na kwa kupevuka hukusudiwa mara nyingine kukua kwake, mara nyingine kutoka kwake katika ovari, na mara nyingine kuwa kwake tayari kurutubishwa. Mambo matatu, kitenzi kimoja. Kwa madhumuni ya uzazi wa majira labda haidhuru. Kwa mtafiti wa viumbe wa baharini inadhuru sana, kwa sababu wanyama hawa hutofautiana hasa katika mpangilio wa mambo hayo. Kiti cha pweza hutoa mayai yakiwa yameanza tu kuendelea na mgawanyiko. Yule jamaa yake wa mviringo mwenye miiba mirefu, anayewachoma wavuvi miguuni, humaliza migawanyiko yote miwili ndani ya ovari kabla ya kumwaga mayai. Na kuna chaza wa Bahari ya Atlantiki, aitwaye Spisula, ambaye mayai yake hungoja baharini hadi mbegu ya kiume iyafikie ndipo kiini kikubwa kiyeyuke. Kusema kwamba mayai ya wote watatu yamepevuka wakati yanapomwagwa ni kutosema lo lote.

Ajabu ni kwamba lugha ilikwisha kuitatua shida hii bustanini. Mkulima wa maembe hachanganyi embe pevu na embe bivu. Embe pevu limemaliza kukua. Ukubwa wake ndio huo, kokwa imekomaa, laweza kuchumwa. Lakini haliliki. Hulazimika kuvundikwa mpaka liive, na kuiva ni badiliko jingine, linalokuja haraka na kwa kuchochewa. Yai la kiti cha pweza lililosimama katika ovari ni pevu kwa maana hiyo hasa. Limemaliza kukua na bado haliwezi kurutubishwa ipasavyo. Inayofanywa na 1-methiladenini ni kuliivisha. Lugha nyingi za Ulaya hutumia neno moja kwa hali hizo mbili na hulazimika kuongeza vivumishi ili kuzitenganisha. Kiswahili kina mizizi miwili, kila mmoja na kazi yake, nasi tumeuchukua mmoja tukaubebesha mizigo yote.

Atakuwapo wa kucheka kwamba yai lililoiva ni yai la kuchemsha. Na acheke. Hapa ndipo kipimo cha aya kinapofaa kutumiwa kwa uadilifu, yaani kwa kuruhusu pia pale kinaporuhusu. Utata wa kiini ni hatari kwa kuwa maana zake mbili huweza kukaa katika sentensi moja ya mtafiti na zote zikaleta maana. Utata wa kuiva si hatari, kwa kuwa hapana sentensi ya biolojia ya seli ambamo sufuria huingia. Mwanaistilahi anayekataa neno kwa sababu tu lina maana nyingine mahali pengine atajikuta hana neno hata moja.

Kipimo hicho hicho huliokoa neno kimeng'enya, ambalo baadhi ya wataalamu wamelitilia shaka. Asili yake ni kitenzi kumeng'enya, yaani kuvunjavunja, na vimeng'enya vya kwanza kufundishwa shuleni ni vile vya tumboni, vinavyovunja chakula. Vimeng'enya vyenye biotini havivunji, vinajenga. Na kile kinachoipachika biotini katika protini nacho kinajenga. Je, jina ni la uongo? Kwa mtazamo wa etimolojia, ndiyo. Lakini hakuna msomaji atakayepotea, kwa kuwa etimolojia ya neno lililozoeleka hulala, na hapana sentensi inayoiamsha.

Jambo lililo gumu zaidi, na ambalo halijapewa nafasi ya kutosha katika maandishi ya istilahi, ni la ngeli. Tazama maneno ya mada hii: protini, biotini, avidini, seli, ovari, molekuli, asidi, kromosomu. Yote yametoholewa, na yote yameangukia katika ngeli ya I-/ZI-. Matokeo yake ni kwamba viambishi vya upatanisho, ambavyo ndivyo hubeba urejeleo katika sentensi ya Kiswahili, vinakuwa havitofautishi cho chote. Sentensi ifuatayo ni sahihi kisarufi:

Avidini huishika biotini, lakini ikichemshwa haiwezi kuishika tena.

Ni nini kinachochemshwa? Ukweli wa kemia ni kwamba joto huiharibu avidini, na biotini huvumilia. Ndiyo maana yai bichi likiliwa kwa wingi na kwa muda mrefu huweza kumnyima mtu biotini, na yai lililopikwa halina madhara hayo. Lakini kiambishi i- katika ikichemshwa chaweza kurejelea lo lote kati ya maneno mawili. Sasa avidini ipewe kwa muda jina la ngeli nyingine, tuseme kishikabiotini:

Kishikabiotini huishika biotini, lakini kikichemshwa hakiwezi kuishika tena.

Utata umetoweka, na hakuna neno la ufafanuzi lililoongezwa. Hapa haipendekezwi kwamba avidini ibadilishwe jina. Majina ya protini mahususi ni ya kimataifa na yana haki ya kubaki. Kinachodaiwa ni kwamba hoja ya kuunda istilahi kutokana na mizizi ya Kiswahili imekuwa ikitetewa kwa misingi ya uzalendo, ilhali ina msingi wa kisarufi ulio imara zaidi. Kimeng'enya, kiini, kionyeshi na kichocheo ni za KI-/VI-. Yai na badiliko ni za LI-/YA-. Utando, na mgawanyiko, zina ngeli zake. Aya yenye mchanganyiko huo hubeba warejelewa watano au sita bila ya kuwapoteza. Ndiyo sababu pendekezo la kukiita kiini nukliasi halifai: lingeongeza mkazi mwingine katika nyumba ya I-/ZI- iliyokwisha kujaa.

Itasemwa kwamba Kiingereza nacho kina kiwakilishi kimoja tu kwa vitu vyote hivyo, na sayansi yake haijafa. Ni kweli. Lakini mwandishi wa Kiingereza amezoea udhaifu huo, naye hurudia nomino pale anapoona hatari. Mwandishi wa Kiswahili amelelewa na lugha inayomwezesha kuiacha nomino, na huiacha. Halafu ngeli si ukuta. Kitabu liliingia kutoka Kiarabu likapewa wingi wa vitabu, na kilabu kutoka Kiingereza ikawa vilabu. Wasemaji walifanya hivyo bila ya kuitisha kamati. Kamati zingeweza walau kuuliza, kabla ya kuidhinisha neno, litaishi katika ngeli gani na pamoja na nani.

Suala la unyambuaji linahusiana na hilo. Istilahi "protini zenye biotini", ambayo imetumika tangu mwanzo wa makala haya kwa kuwa ndiyo inayomjia mtu kwanza, ni dhaifu. Kiambishi -enye hutaja umiliki bila ya kutaja namna. Avidini iliyokwisha kuinasa biotini ni protini yenye biotini. Kimeng'enya kilichounganishwa na biotini kikemia ni protini yenye biotini. Na protini ambayo mtafiti mwenyewe ameibandika biotini katika maabara ili aifuatilie nayo ni protini yenye biotini. Kwa mtafiti, hayo ni mambo matatu ambayo hayapaswi kuchanganywa, na makosa mengi ya majaribio hutokana na kuyachanganya: akitumia avidini yenye alama kutafuta protini aliyoibandika, itamwonyesha pia vimeng'enya ambavyo vilikuwa na biotini kabla hajaingia maabara, naye atadhani ameona alichokitafuta.

Vitenzi vya Kiswahili vinaweza kuyatenga mambo hayo kwa uzuri. Protini inayoshika biotini ni avidini na mfano wake. Kushika kunaweza kukoma. Protini iliyoungwa biotini ni kimeng'enya ambacho seli yenyewe imekipachika vitamini hiyo. Kauli ya kutendwa inaashiria mtendaji aliyemo ndani ya seli. Protini iliyobandikwa biotini ni ile ya mtafiti, na kubandika kunaleta picha ya kitu kilichotoka nje. Mizizi mitatu ya kawaida, yote inajulikana na mtoto wa shule, na tofauti ambayo kwa lugha nyingine huhitaji kivumishi kirefu imekaa katika kitenzi. Kwa hiyo jina lifaalo kwa mada ya utafiti huu ni protini zilizoungwa biotini. Isitoshe, jina hilo halikupatikana kwa kutafsiri neno. Limepatikana kwa kuuliza mtafiti anaogopa kukosea wapi.

Linabaki jina la mnyama. Kiti cha pweza ni jina la watu wa pwani, na hakuna sababu ya kulitafutia mbadala kwa kutafsiri majina ya kigeni yanayotaja nyota au samaki, ambavyo mnyama huyu si kimojawapo. Lakini katika sentensi lina vitimbi vyake. Mayai ya kiti cha pweza, kwa msomaji wa bara asiyemjua mnyama huyo, yaweza kusomwa kama mayai ya pweza. Naye pweza pia ni mnyama wa baharini asiye na uti wa mgongo, na anataga mayai. Aidha upatanisho unayumba. Kwa kuwa ni mnyama, husemwa kiti cha pweza ametembea. Lakini kichwa cha kirai kikiwa kiti, wengi huandika kimetembea, na katika aya hiyo hiyo kiini kimeyeyuka na kimeng'enya kimehama. Kufuata upatanisho wa viumbe hai, a-/wa-, hapa si suala la ufasaha tu. Humwondoa mnyama katika kundi la KI-/VI- na kuacha nafasi kwa sehemu za yai lake.

Wapo wanaoona kwamba juhudi hizi zote hazina walengwa, kwa kuwa mtafiti wa mayai ya kiti cha pweza atachapisha kwa Kiingereza hata hivyo, na sayansi katika shule za sekondari za Tanzania kwa sehemu kubwa hufundishwa kwa Kiingereza. Hoja hiyo ni nzito kwa upande wa uchapishaji. Kwa upande wa ufundishaji ni dhaifu, maana kila aliyewahi kukaa nyuma ya darasa anajua kwamba maelezo yenyewe, yale yanayofuata baada ya mwalimu kuona macho yaliyoduwaa, hutolewa kwa Kiswahili. Maelezo hayo hayana kamati. Mwalimu huyatunga papo hapo, na kiini chake cha saa tatu asubuhi si kiini chake cha saa nne.

Hatua inayodaiwa hapa ni ndogo na haihitaji bajeti kubwa. Kabla ya kuidhinishwa, kila kundi la istilahi za fani moja liandikiwe aya tatu au nne na mtu wa fani, si mwanaisimu, kwa kutumia istilahi hizo hizo bila ya kukwepa. Kisha aya hizo wapewe wanafunzi wasioijua fani, waulizwe maswali ya kawaida: ni nini kilichochemshwa, ni nini kilichoyeyuka, biotini iko wapi. Majibu yao yawekwe mbele ya kamati. Pale ambapo wanafunzi wamegawanyika nusu kwa nusu, neno lirudishwe, hata kama linapendeza kwenye orodha.